Mashine Iliandika Imefika

Bukavu, Kadutu
12 Februari 2023

Papa mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku tuko wazima, Mama na mimi, na tunatumaini barua hii itakukuta mzima pia, wewe pamoja na ule mguu unaokusumbua mvua ikianza. Unaufunga kama nilivyokuonyesha, au bado unaupaka mawese tu na kumwachia Mungu?

Habari kubwa nakupa kwanza, maana najua ukifungua barua macho yako yanakimbilia katikati. Mama anaona! Walimtoa bandeji Jumanne. Daktari akamwuliza anaona nini, naye akajibu: « Minaona docteur iko na ndevu ya kizee, na kwa sauti nilifikiria ni kijana. » Wauguzi walicheka mpaka wakaegemea ukuta. Jicho la pili watalipasua mwezi wa tatu, kisha apumzike kidogo, ndipo nimrudishe kwako. Usimngoje kabla ya Pasaka.

Tulipofika nyumbani alisimama mlangoni pa jiko langu, akaangalia ndani. Kisha akasema: « Charlène, njo fasi hii ulikuwa unanipatia chakula? » Tangu siku hiyo anasugua sufuria zangu zote na kunung'unika. Jirani yangu Lucie ameanza kuficha za kwake.

Kazini, kule uwanja wa ndege, wametuletea mashine mpya mnarani. Ni kioo kikubwa kinachoonyesha ndege kama nukta, kila nukta na jina lake pembeni. Chef, mkubwa wetu wa mnara, anasema itatupunguzia kazi. Blanchard, mwenzangu wa zamu, anakipangusa kioo hicho kila asubuhi na ameshaanza kukiita bibi yake wa pili. Lakini usiogope, vikaratasi vyetu vya kuandikia kila safari bado viko. Ndege ndogo ya rubani Théodore ikitoka kuja kwenu, ninaweka kikaratasi chake mbele yangu na sikitoi mpaka wewe uniite kwa phonie, ile redio ya parokia, kwamba imeshuka. Basi endelea kunipigia kelele.

Barua nampa Théodore mwenyewe. Mwambie asiikalie.

Binti yako,
Charlène


Itendele
26 Februari 2023

Charlène mwanangu,

Amani ya Bwana iwe nawe na Mama yako. Mimi niko mzima. Mguu nao uko, unakusalimu, na haupendi dharau zako juu ya mawese.

Théodore aliikalia barua. Niliipata imekunjika kama karata za wachimbaji, lakini niliisoma yote, na nilipofika mahali pa ndevu za daktari nilicheka peke yangu sakristiani mpaka Padri akaja kuangalia kuna nini. Nikamwambia mke wangu anaona. Alitangaza kwenye misa. Sasa kila mtu Itendele anajua kwamba Maman Eulalie anarudi na macho mapya, na wanawake wengine wameanza kufua nguo zao vizuri zaidi.

Ningependa kukueleza mambo ya nyumbani kwa phonie, lakini unajua parokia zote za Shabunda zinasikiliza, na mtandao wa simu huku hatujauona. Kwa hiyo nakuandikia. Nyumba imekuwa kubwa mno. Napika mwenyewe. Juzi sombe iliungua, nikaila hivyohivyo kwa hasira. Watu wa jumuiya wananiletea chakula kwa huruma, kisha wanakaa kuangalia kama ninakila. Nimepaka chokaa ukuta wa mbele ili macho ya Mama yako yapate kitu cha kuangalia zaidi ya mimi.

Hiyo mashine yenu sijaielewa vizuri. Inaona ndege zote? Hata ya Théodore, ambayo mlango wake umefungwa kwa waya?

Mwambie Mama yako nimemkumbuka. Usimwambie kwamba nimekuambia umwambie.

Papa yako,
Philémon


Bukavu
19 Machi 2023

Papa mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za siku nyingi? Huku Mama yuko vizuri, jicho la pili limefanywa na linapona. Anashuka sokoni mwenyewe na kupanda kilima chote cha Kadutu kwa miguu, anawakataa watu wa moto, zile pikipiki za abiria, eti wanataka kumwua bila sababu. Mimi pia niko mzima, ila nachoka.

Uliniuliza kama mashine inaona ndege zote. Hapana, Papa. Ndege kubwa zinazotoka Kinshasa na Goma inaziona tangu mbali, na hapo kwa kweli kazi imekuwa nyepesi, simwombi tena rubani aniambie yuko wapi. Lakini ndogo zenu za msituni haizioni kabisa, kwa sababu hazina kile kifaa cha kuijibu. Hizo lazima niziandike mwenyewe kwa vidole: jina, saa ya kutoka, mahali zinapokwenda. Zamani kalamu ilitosha, na nilikuwa naandika huku naangalia nje dirishani. Sasa nikiandika, siangalii nje.

Kuna saa nzima ninakaa mbele ya kioo bila kugusa kitu, macho yananiuma, na usingizi unanijia mchana kweupe. Halafu vinakuja vyote pamoja. Ndege kubwa inataka kushuka, helikopta ya misaada inataka kuruka, Théodore anauliza mvua iko wapi. Na kila ndege ikikaribia mlima, mashine inalia. Papa, nani anaweza kuja Bukavu bila kukaribia mlima? Inalia, nabonyeza kitufe inyamaze, inalia tena, nabonyeza tena. Siku hizi nabonyeza kabla ya kusoma imeandika nini.

Na kwa kuwa mashine inasaidia, wakubwa wamesema mtu mmoja anatosha kwa zamu. Blanchard wamempeleka ofisi ya mizigo. Asubuhi ya kwanza bila yeye niligeuka nikakiuliza kiti chake jambo.

Kuna jambo jingine, na hili hutalipenda. Phonie yetu wameitoa mnarani, na vikaratasi pia. Mashine inafunga safari yenyewe. Nikishaandika kwamba ndege imetoka na safari yake ni ya muda fulani, muda ule ukiisha inaandika « imefika » na jina linatoka kwenye kioo. Nilimwuliza chef: « Na kama haikufika? » Akanijibu: « Kama haikufika, mwenye ndege atapiga simu. Weye unatafuta kazi fasi haiko. »

Basi ukiita, ujue si kwamba nimenuna. Hakuna mtu wa kukusikia.

Binti yako,
Charlène


Itendele
2 Aprili 2023, Jumapili ya Matawi

Charlène mwanangu,

Amani ya Bwana. Natumaini uchovu umepungua na kwamba unakula. Mama yako akiwepo hapo najua unakula, kwa hiyo swali hilo ni la heshima tu. Mimi niko mzima.

Kumbe ndiyo maana! Nimeita na kuita, « Mnara, mnara, hapa Itendele », nikafikiri umenuna kwa sababu nilikucheka juu ya yule kijana wa posta anayekutaka uchumba. Nikaanza hata kutayarisha maneno ya kukuomba msamaha. Sasa nayaweka akiba.

Bado ninaita. Théodore akishuka, naingia sakristiani, nawasha, nasema imeshuka salama, nazima. Yeye ananicheka: « Papa Philémon, unasema na nani mule? » Namwambia anyamaze, hii ni kazi. Lakini nikuambie ukweli, moyo wangu haupendi. Hapa tunafukuza mbuzi uwanjani, tunapiga ile jante, chuma cha gurudumu la gari, ili watoto watoke njiani, ndege inashuka, na huko kwenu kuna kitu kilichokwisha kusema imefika kabla magurudumu hayajagusa majani. Kimejuaje? Kilimwuliza nani?

Mweleze chef wako jambo hilo. Mweleze kwa upole, maana unajua kuwa mkali, umechukua kwa Mama yako.

Na yeye mtanirudishia lini? Pasaka nitaila na Padri, kuku yupo. Lakini baada ya hapo sitaki tena kuvumilia. Niambie siku, nitakata majani ya uwanja wote.

Papa yako,
Philémon


Bukavu
16 Aprili 2023

Papa mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na heri ya Pasaka iliyopita. Hatujambo. Naandika haraka, Théodore anaondoka kesho na anangoja barua chini kwenye barabara.

Mama anakuja Alhamisi, tarehe 20, asubuhi. Daktari amemruhusu. Théodore amempa kiti cha mbele, karibu naye, kwa sababu Mama amesema alipokuja Bukavu alipita juu ya msitu wote bila kuona mti hata mmoja, na safari hii anataka kuona ile miti yote.

Nimepangwa zamu ya asubuhi, kwa hiyo mimi mwenyewe ndiye nitakayemruhusu kuruka. Anaogopa na anafurahi. Anawaambia majirani wote kwamba mtoto aliyembeba mgongoni ndiye atamwambia sasa aende.

Chef nilimweleza. Kwa upole, Papa, naapa. Alisema ataandika Kinshasa.

Mama yuko hapa pembeni, anasema niandike hivi: « Umwambie asikate majani peke yake na muguu ile. Na aniambie ni nani anamupikiaka, maana sombe ya kuungua haiwezi kumulisha miezi mbili. »

Binti yako,
Charlène


Itendele
23 Aprili 2023

Kwa Bibi Mnara, Charlène mwanangu,

Amani ya Bwana iwe nawe na Mama yako. Mimi niko mzima, ila nimenuna.

Mbona hamkumtuma Mama? Alhamisi tulikuwa uwanjani tangu asubuhi. Majani tulikata, si mimi peke yangu, vijana walinisaidia. Mbuzi tulifunga. Akina mama wa jumuiya walikuja na ngoma, wamevaa kitenge kimoja wote, na Pascaline alikuwa ametunga wimbo wa macho. Tukangoja. Kisha mvua ikaja, kubwa, ya kutoka upande wenu, nikawaambia watu: Théodore hawezi kuruka na mvua hii, amelala Bukavu, twendeni nyumbani. Tukala chakula cha sherehe bila mwenye sherehe. Ijumaa mvua tena. Jana tena.

Niliwasha phonie Alhamisi ile nikaita, ingawa nilijua ni kukosa akili, na tangu Ijumaa betri imelala kwa kukosa jua. Sina njia nyingine ila hii. Barua nampa Alphonse, anakwenda Bukavu na moto kupitia Kamituga, akijaliwa barabara. Nadhani Théodore atamtangulia, atakuja na Mama yako, na wewe utasoma maneno haya ya bure ukicheka. Ikiwa hivyo, cheka.

Ila kama ni Mama yako amependa Bukavu na hataki kurudi, mwambie chokaa inaanza kuchafuka.

Papa yako,
Philémon


Bukavu
7 Juni 2023

Papa,

Tumsifu Yesu Kristo. Sijui niulize vipi habari za afya. Nauliza hivyohivyo: uko mzima? Mguu unaendeleaje? Unalala?

Siku zile tuliongea kwa phonie walipoirudisha, lakini hatukuongea, tulipashana habari tu. Ulisema: ndege imeonekana. Wote wawili wamekufa. Tutazika Jumamosi. Nilikuwa nasikia sauti yako ya kazi, ile ile ya kusema magunia mangapi ya chumvi, na mimi nikakujibu kwa sauti ya kazi, nimepokea. Sikuja kuzika. Ndege ya kuja Itendele ilikuwa ile moja, na kwa barabara ningefika mmeshamaliza. Naomba unisamehe kwa hilo. Kuna mengine, nayaandika sasa.

Alphonse alinikuta nyumbani, nguo zake zote udongo. Nilimpa maji, akanywa, tukazungumza habari za barabara. Nilifungua barua yako huku nacheka, kwa sababu umeniita Bibi Mnara. Nikasoma « Mbona hamkumtuma Mama? » Nikarudi nikasoma tena, nikaona wewe ndiye umekosea. Papa, kwangu mimi Mama alikuwa kwako. Nilikuwa nimeshaanza kumkumbuka. Jioni ile ile nilikuwa nimemwambia Lucie kwamba huko sasa bila shaka anasugua sufuria zako.

Alhamisi ile asubuhi nilimwona kutoka juu, mdogo, amevaa kile kitenge cha bluu, anapunga mkono kwenye dirisha ambalo si langu. Théodore aliniambia kwenye redio: « Maman yako anasema umekonda. » Nikamruhusu. Akaruka. Nikaandika jina la ndege, na Itendele, na muda.

Halafu vikaja vyote. Mvua ilikuwa imefunga Goma, ndege mbili za huko zikageuzwa kuja kwetu, na moja ya Kinshasa ilikuwa inashuka, na helikopta. Nilikuwa peke yangu. Mashine ilikuwa inalia juu ya milima bila kukoma. Katikati ya hayo Théodore aliita. Alisema wingu limefunga mbele, anataka kujua kama upande wa kusini ni safi. Nilimwambia: « Théodore, ungoje kidogo. » Nilikuwa na ndege mbili zinaelekeana, Papa, watu wengi ndani. Nikazitenganisha. Nikashusha ya kwanza, nikashusha ya pili. Nilipotazama kioo, jina la Théodore lilikuwa limeandikwa imefika, likazimika. Nikashukuru. Nilisema kwa sauti, Mungu asante, amepita.

Sikurudi kwake. Nilimwambia angoje na sikurudi kwake.

Jioni mwenye ndege alipiga simu, kama chef alivyosema atafanya. Aliniuliza kama Théodore amefika. Nikamjibu amefika. Mwenye ndege akadhani amelala kwenu kwa ajili ya mvua. Hapo mashine haikusema kitu, ni kinywa changu kilichosema.

Commission ya uchunguzi imekuja kutoka Kinshasa. Wameandika kwamba mashine ilifanya kazi yake sawasawa na kwamba agent, yaani mimi, hakufuatilia. Nikawauliza, ningefuatilia na nini? Hawakuandika swali langu. Lakini phonie imerudi, na Blanchard amerudi, anakaa kando yangu. Mimi wameniacha kazini. Hakuna mwingine.

Papa, waliomkuta Mama ni watu wako. Huku hakuna anayeniambia kitu. Alikufa palepale? Niambie ilivyokuwa, usinifiche. Wewe nitakuamini.

Binti yako,
Charlène


Itendele
2 Julai 2023

Charlène mwanangu,

Amani ya Bwana iwe nawe. Mimi nipo. Mguu upo. Kulala, kidogo.

Nimechelewa kukujibu, na si kwa kukosa karatasi. Nilikaa nayo. Nilimwuliza Padri, akasema nimwombe Roho Mtakatifu, nami nikaomba, na bado sikujua.

Uliniomba nisikufiche. Nimefanya kazi ya phonie tangu hujazaliwa. Nimepeleka habari za vifo vya watoto wa watu, za vita, za madaraja yaliyokwenda na maji, na kila moja niliipeleka jinsi nilivyoipokea. Siwezi kuanza kubadilisha na wewe.

Hakufa palepale. Théodore ndiye alikufa palepale, kwenye kiti chake. Mama yako alimfunika uso kwa kitenge cha bluu, ndivyo tulivyojua kwamba alibaki hai. Yeye mwenyewe mguu ulikuwa umevunjika. Alijikokota mpaka kwenye kijito, akajikusanyia majani ya kukalia, na kando yake tulikuta maganda ya matunda. Wawindaji waliofika wa kwanza wanajua mambo ya msitu, nami niliwauliza kama ulivyoniuliza. Walisema hazikuwa zimepita siku nyingi tangu afe. Walisema tungetafuta mapema, tungemkuta anaongea.

Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nisikilize. Sikuhukumu. Ulikuwa na watu wengi hewani na mikono miwili. Mimi nilikuwa na mikono mitupu, nimekaa barazani, nikasema ni mvua. Niliwaambia watu waende nyumbani. Nilikula nyama ya sherehe yake wakati yeye anakula matunda ya msituni. Ningetuma vijana Ijumaa, nao wangewatuma watu wa vijiji vya mbele, na mahali pale si mbali sana kutoka huku. Kila mmoja wetu alidhani yuko kwa mwenzake. Basi mzigo huu tusigawane, tuubebe pamoja.

Tumemzika kando ya kanisa. Pascaline aliimba, lakini si ule wimbo.

Njoo nyumbani, mwanangu, hata kwa barabara. Nitakuja kukungojea Kamituga.

Papa yako


Itendele
10 Septemba 2023

Charlène mwanangu,

Amani ya Bwana. Natumaini uko mzima. Mimi ni mzima, mvua zimeanza na mguu umezisikia.

Hukunijibu. Nilifikiri barua ilipotea, nikataka kukuandikia tena yale yale, lakini nilipofika mahali pa kijito kalamu ilisimama. Siwezi kuyaandika mara ya pili. Kisha Alphonse akarudi kutoka huko, akaapa kwamba alikupa mkononi, na kwamba uliisoma umesimama, ukaikunja, ukampa chakula, ukaenda kazini.

Nimewaza sana. Mama yako angekudanganya. Alijua kudanganya kwa upendo, alinidanganya miaka yote kwamba mahubiri yangu ya ukatekista ni mazuri. Angekuandikia kwamba alilala usingizi tu, na wewe ungejua si kweli, na bado ungemjibu. Mimi sikujifunza jambo hilo kwake, na sasa nimechelewa. Nilidhani ukiniuliza ukweli, ni ukweli unaoutaka. Nimebaki na ukweli wangu huku, na wewe sina.

Phonie inafanya kazi. Nikiita mnarani ananijibu Blanchard. Hata ikiwa zamu yako, ananijibu Blanchard. Ni kijana wa heshima, anasema: « Papa, iko kazini, haina nafasi. » Sitaki asumbuke kunidanganya, mwambie.

Nipe hata neno moja. Hata la ukali.

Papa yako


Itendele
26 Novemba 2023

Charlène mwanangu,

Amani ya Bwana iwe nawe. Mimi ni mzima, mguu ni mzima, nyumba ni nzima. Usijali kujibu. Nilikasirika kidogo mwezi wa kumi, sasa imeisha.

Tumepata ndege mpya. Pilote ni kijana anaitwa Gentil, ana adabu, anakuja kila wiki mvua ikimruhusu. Mara ya kwanza sikumwambia mimi ni nani. Nilimkalisha, nikampa ndizi na samaki, nikamwuliza kama mnarani kwenu kuna mwanamke. Akasema: « Yee, iko maman moja. Haisemake mingi. Lakini ile maman haikuachake, Papa. Ukimuita anajibu palepale, hata kama iko na bengine. Na ukichelewa, njo yeye anakuitaka. Batu ya ndege yote banamujua. »

Nilitoka nje kidogo, kisha nikarudi.

Wiki iliyofuata nilimwuliza ulimwambia nini asubuhi hiyo, neno kwa neno. Aliona haya, alifikiri ninampima. Akanigeuzia Kifaransa chako kwa Kiswahili: « Pepo iko kidogo, inatoka kaskazini. Njia iko wazi. Uende, na ukishuka uniambie. » Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwuliza ulisema kwa sauti gani, ya mtu aliyelala vizuri au ambaye hakulala. Alifikiri, akasema ya mtu mwenye mafua.

Sasa ndiyo kawaida yetu. Anashuka, tunafungua mizigo, anakula, na akimaliza kula ananiambia ulivyosema, bila mimi kuuliza. Juzi alisema ulicheka kidogo, helikopta fulani ilikuwa imekosea jina lake. Siku ile sikufanya kazi nyingine.

Mafua yale uyatibu. Na kama kuna siku umechoka na unataka kuiacha kazi hiyo, na sababu unazo, nakuomba kitu kimoja tu kama baba yako: uniandikie kwanza. Maana siku Gentil akishuka aniambie kuna sauti nyingine mnarani, mimi nitamwuliza nani kama mtoto wangu yuko hai?

Papa yako